Gari la Jumatano

Fundi Josia Mashimba wa Bariadi alikuwa mtu wa kupima. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amesuka upya nyaya za mota za mashine za kusaga na pampu za maji, na kazi iliyowahi kurudishwa kwake ilikuwa moja tu. Hata hiyo baadaye ilijulikana kwamba panya ndio waliotafuna waya. Kwa hiyo gari lake la Noah lilipokufa injini mwezi wa nane, akatangaza kwamba gari lijalo litakuwa la umeme, mafundi wenzake walicheka, lakini hawakushangaa.

"Wewe umeme ulishakuoa zamani," walimwambia.

Walidhani anatafuta fahari. Josia alikuwa anatafuta gari la kumbeba mama mkwe.

Nyanjige, mama yake Benedikta, aliishi Sola na mdogo wake Veronica, wajane wawili chini ya bati moja, na mbuzi wao tisa. Presha ya macho ilikwisha kulifunga jicho lake la kulia. La kushoto lilikuwa likilindwa na dawa za matone na kliniki ya Bariadi, kila Jumatano ya mwisho wa mwezi. Tangu Noah ife alikuwa amekosa kliniki mbili, na daktari alimwambia Benedikta bila kuzunguka: akikosa ya tatu, msije mkalia kwangu. Bodaboda ilishamwangusha Nyanjige mara moja, naye akaapa kutoipanda tena. Benedikta alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumatano humkuta darasani. Aliyebaki ni Josia.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Nyanjige aliishika mila ya ukwe kwa mikono miwili. Mkwe hamgusi mama mkwe, hakai naye bega kwa bega, wala hamkodolei macho. Alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, lakini alisema padri hajawahi kumwagiza amshike mkono mume wa binti yake. Kwenye Noah mambo yalikuwa rahisi. Sakafu ilikuwa chini, alipanda mwenyewe na kukaa nyuma kabisa, na Josia alikigeuza kioo cha ndani kikatazama dari. Neno likihitajika, lilipitia kwa Veronica aliyemsindikiza. Miaka saba walisafiri hivyo kwa amani. Sasa mgongo wa Veronica ulikuwa umemkatalia safari, naye alibaki na mbuzi.

Kwenye yadi mpya ya magari ya umeme, njia ya Somanda, palikuwa na mawili ya kumtosha mtu mwenye familia: moja jeupe, moja la kijani. Josia alikwenda siku nne mfululizo. Alilala chini ya yote mawili, akachungulia nyaya, akaandika hesabu zake nyuma ya boksi la waya wa shaba. Jeupe lilikwenda kilomita mia tano kwa chaji moja, la kijani mia nne. Jeupe lilikuwa na skrini pana kama sinia la harusi. La kijani lilikuwa juu zaidi kutoka ardhini, na lilikuwa na soketi ambayo ungeweza kuchomeka hata jokofu.

"Fundi, chukua jeupe," alisema Fredrick, muuzaji, kijana wa Mwanza mwenye viatu vyeupe. "Hilo ni la mtu mzima."

"Naona hivyo," alisema Josia, na moyoni alikuwa ameshalichukua.

Jioni alimwonyesha Benedikta lile boksi. Mkewe alisoma mistari yote, akageuza boksi upande wa pili kuona kama kuna zaidi.

"Mama atapandaje?"

Josia alilichukua boksi, akalisoma tena. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa hicho.

"Yapeleke Sola," alisema Benedikta. "Baba yangu hakununua dume la kulimia mnadani kwa kutazama pembe. Alilifunga jembe kwanza, nusu siku, kwenye mbuga yenye maji."

"Basi Jumamosi twende wote."

"Mimi siji. Jumatano nitakuwepo?"

Jumamosi Josia aliondoka na jeupe, Fredrick akiwa pembeni yake. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na ile mbuga ya udongo mweusi kabla ya Sola ilikuwa imelainika kama ugali usioiva. Kwenye korongo la pili tumbo la gari lilikwaruza jiwe, kwa sauti iliyomfanya Fredrick afumbe macho. Walirudi nyuma, wakazunguka kwenye ngitili, malisho ya akiba ya watu, wakafika saa tano.

Gari liliingia uani kimya kabisa. Kuku hawakukimbia. Veronica, aliyekuwa anaanika michembe ya viazi, aligeuka akalikuta mgongoni mwake, akaangusha ungo.

"Yesu! Gari gani hili linanyata kama fisi?"

"Mwangaluka, mayu," Josia aliamkia kwa Kisukuma, akimwita mama, huku akitazama michembe.

"Mwangaluka. Dada, toka! Mkwe wako amefika na fisi mweupe."

Nyanjige alitoka na fimbo yake, kitenge kimeshuka hadi kwenye nyusi. Josia alisogea nyuma ya gari, kama inavyopasa. Bibi alipapasa kiti, akaketi, akaingiza miguu mwenyewe. Josia alisikia mlango ukifungwa, akashusha pumzi, akarudi kwenye usukani. Hata akasahau jiwe la korongoni.

Ndipo Fredrick alipotaka kuonyesha ufundi. Alibonyeza skrini. "Fundi, ona! Kamera ya ndani. Unaendesha huku unawaona walioko nyuma!"

Uso wa Nyanjige ulijaa ile skrini yote, mkubwa kuliko sinia, karibu na goti la mkwe wake. Jicho moja lililobaki lilijiona, kisha likamwona Josia akiliona.

"Veronica!" Kelele yake iliwaamsha mbuzi. "Mwambie mkwe anishushe! Mwambie azime!"

"Zima," alisema Josia, akiwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye usukani.

"Natafuta pa kuzimia," alisema Fredrick, na alipobonyeza tena, uso ukaongezeka ukubwa.

Nyanjige alikuwa ameshashuka. Veronica alicheka akiwa ameshika mgongo wake, akisema "wii, naumia" na kuendelea kucheka.

Jumapili baada ya misa walirudi na la kijani. Lilipita mbuga bila kusita, likavuka makorongo yote mawili kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Josia alifurahi, ila furaha hiyo iliishia uani. Nyanjige aliinua mguu mara ya kwanza, haukufika. Aliinua mara ya pili akishikilia mlango, fimbo ikaanguka. Josia aliokota fimbo, akajikuta amenyoosha na mkono. Bibi alirudi hatua mbili kama aliyeona moto. Josia alirudi hatua tatu.

"Bibi, njoo nikushike mimi," alisema Fredrick. "Mimi si mkwe wako."

Nyanjige alimgeukia taratibu.

"Mjukuu wangu, Jumatano utakuwepo?"

Fredrick alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena. Josia alilitazama gari, akaifikiria ile Jumatano, siku kumi tu mbele, na lile jicho moja.  Akaanza kuzunguka ili afunge mlango.

"Veronica," alisema Nyanjige, "mwulize huyo mkwe, mkokoteni wa pamba tulikuwa tunaupandaje?"

"Tuliurudisha nyuma mpaka kwenye kichuguu," alisema Veronica.

"Sasa kichuguu kimekwenda wapi?"

Hakikuwa kimekwenda popote. Kilikuwa nyuma ya zizi, kimesagika juu kwa miaka ya magunia na nyayo, kimekuwa tambarare kama kibaraza. Josia alilirudisha gari nyuma polepole mpaka mlango wa abiria wa nyuma ukakaa kando yake. Nyanjige alipanda kichuguu kwa upande wa mteremko, fimbo mbele, akapiga hatua moja akaingia, kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Alijaribu kiti kwa kujirusha juu yake mara mbili.

"Mwambie hili halina mdomo wala macho," alisema. "Hili nalitaka."

Josia hakusubiri kuambiwa. Alikuwa ameshasikia mwenyewe.

Jumatatu alilinunua la kijani, na wiki ile hakusuka mota hata moja. Alijenga ngazi tatu za saruji kando ya uzio wa nyumba yake Bariadi, upana wa kutosha miguu miwili na fimbo, kwa siku ambazo Nyanjige atapitia kwa binti yake. Hospitalini kulikuwa na baraza ya kupakulia mizigo, na wauguzi wanawake wa kumshika mkono. Alikwenda kuipima mapema. Ilikuwa chini ya sakafu ya gari kwa sentimita nne, na ilifaa.

Jumatano ilifika. Kichuguuni Veronica alimfunga dada yake mkanda, akafunga mlango, akabaki na mbuzi. Kioo cha ndani kilitazama dari. Walipita mbuga, wakapita korongo la kwanza na la pili, na hakuna aliyekuwepo wa kupeleka neno. Karibu na lami sauti ilitoka nyuma.

"We gari," alisema Nyanjige, "mwambie dereva wako apunguze mwendo. Hatukimbizwi na mtu."

Josia alipunguza. Akafikiri kidogo, kisha akauambia usukani.

"Gari, mwambie mayu nimesikia."

Wakati wa kurudi, matone mapya yakiwa mkobani na daktari akiwa amesema presha haijapanda, walivuka tena makorongo yote mawili. Josia alidhani bibi amelala.

"Gari," alisema mwishowe, "mwambie huyo wabeja, namshukuru. Na umwambie mwezi ujao aje mapema, kabla jua halijawa kali kichuguuni."