Bega la Mfaransa

Jamani, ukarimu wetu sisi unaweza kumuumiza mtu! Nasema hivyo kwa sababu niliona ulivyotaka kumvunja mwanamke mmoja wa Kifaransa pale Mwanza, miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vinaota kama uyoga.

Mumewe alikuja kufunga mitambo kwenye kiwanda nilichokuwa nafanya kazi ya mapokezi. Mwanamke mwenyewe alikuwa mchezaji tenisi wa kulipwa, ndiyo kazi aliyoijua tangu usichana, mpaka bega la kulia likachanika akafanyiwa upasuaji. Daktari alimwonya kwamba likichanika tena, mkono huo autoe kwenye hesabu zake. Sasa mashindano ya kwao yalikuwa yanamwita, na Jumatatu alitakiwa ajibu kama anarudi. Akawa anajipima kwangu, maana baba yangu alikuwa mtunza kiwanja cha klabu karibu na ziwa, na mwanamke mwingine wa kucheza naye hakuwepo.

Kila jioni alikuwa ananifunga. Mimi huyo, niliyelelewa kiwanjani! Mpira wake wa kuanzia haukuwa na nguvu hata kidogo, ila nilikuwa naukosa makusudi. Ukitua nje ya mstari, baba, ambaye ndiye mwamuzi, anapaza sauti: "Ndani!" Wazee wa klabu wanapiga makofi. Mfaransa anamfuata baba, "Shikamoo baba," kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kifaransa, na baba anaitikia marahaba amejaa furaha.

Ijumaa akaniambia bega limepona, Jumatatu anawajibu kwamba anarudi. Moyo ulinilipuka paa! Tunarudi nyumbani Kirumba, nikamwambia baba tumweleze ukweli.

"Mgeni humfungi nyumbani kwako," akanijibu. "Utatuaibisha."

"Baba, atabaki bila mkono yule!"

"Acha ubishi. Kwao madaktari wapo."

Kesho yake nilifika kiwanjani nimeshaamua ajionee mwenyewe hali ya bega lake. Nikaanza kumpa mipira ya juu, ile ambayo lazima uipige mkono ukiwa umepita kichwa. Wa kwanza ukaishia kwenye wavu. Uliofuata vilevile. Baba akanikazia macho, nikajifanya simwoni. Mungu wangu, niliogopa! Je, kama ni mimi ndiye ninayelichana bega lile? Nikampa mwingine taratibu, ukampita juu, naye hakuinua mkono kabisa.

Akaja kwenye wavu, jasho linamchuruzika. "Kwa nini leo?"

"Siku zote tulikuwa tunakuachia, dada. Wewe ni mgeni wetu."

Akamgeukia baba. "Baba, ulikuwa unaona?"

Baba akavua kofia. "Nilikuwa naona, mwanangu."

Akakusanya raketi zake kwa mkono wa kushoto akaondoka bila kutuaga. Nilibaki na aibu, na hasira pia, wala sijui nilimkasirikia nani.

Jumatatu alikuja mapokezi kupiga simu kwao. Hakunisalimu. Nikamwunganishia laini, roho yangu juu juu. Aliongea maneno machache tu. Kifaransa sikijui, lakini kwa alivyokuwa anatikisa kichwa nilielewa kwamba anakataa. Alipomaliza alibaki ameshikilia simu sikioni, na kule upande wa pili walikuwa wameshakata.