Muuguzi wa Maharage

Mchezo ule aliuleta kaka kutoka Makambako. Alikuwa akiuza mitumba katika duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu karibu na stesheni, na siku moja vijana wa Kizungu waliokuwa wakingoja treni walimkaribisha acheze nao. Hakuna ubao, alituambia. Kila mmoja anabuni mtu wake, mmoja anasimulia safari, na penye hatari dadu ndiyo inaamua.

Vitabu vyao vya sheria hatukuwa navyo, kwa hiyo kaka alitunga zake. Alijipa cheo cha refa, maana alipenda ukubwa tangu utotoni. Uhai wa kila mtu ulikuwa maharage katika kisahani: ukiumia, harage linatoka, kisahani kikibaki kitupu, umekufa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, kila mtu kwetu Njombe akiota biashara, nami nikabuni tajiri wa viazi mwenye lori lake. Mdogo wangu wa kike alibuni muuguzi aliyepanda lori hilo na kutibu watu njiani. Aliniudhi sana muuguzi yule. Kila kijiji lazima tusimame, viazi vyangu vikichipua huku yeye akifunga watu vidonda. Lakini mdogo wangu alimpenda kupita kiasi. Katikati ya wiki, tukiwa tunateka maji, alikuwa akinieleza muuguzi amekula nini, au amemkumbuka nani.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, kaka anapokuja nyumbani. Jumapili moja ya mvua lori letu lilikwama mtoni, njia ya Lupembe, na muuguzi akashuka majini kumwokoa mtoto. Alikuwa amebakiwa na harage moja. Kaka alisema ikija moja tu ndiyo basi, nyingine yoyote anapona. Mdogo wangu akatupa dadu, ikaja moja.

Alilia kilio cha msibani hasa, mikono kichwani. Mama akatoka jikoni na kisu cha kumenyea viazi, keshaanza kujifunga khanga kiunoni.

“Nani?” akauliza.

Hakuuliza kuna nini. Miaka ile hatukumaliza mwezi bila kwenda mazikoni, na mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Kilio kikisikika, kilichobaki kujua ni jina tu.

Kaka akaeleza kwa aibu kwamba ni mtu wa mchezo. Nilingoja tugombezwe. Mama akavuta kigoda, akaketi, akamuuliza mdogo wangu marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Kisha akasema hakuna anayezikwa bila historia yake kusomwa, basi asimame aisome.

Mdogo wangu akafuta kamasi, akasimama kama wafanyavyo kanisani, akasema yote kutoka kichwani: marehemu alizaliwa wapi, alisomea wapi, alitibu watu gani, ameacha nani. Mambo mengi hata refa hakuyajua. Mama akaanzisha wimbo, tukaimba ubeti mmoja, akaomba kwa kifupi, kisha akatupa pole mmoja mmoja, kwa kushika mkono. Baadaye akayakusanya maharage ya visahani vyote na kuyatia chunguni, kwa sababu mboga ilikuwa kidogo.

Wiki ile mdogo wangu aliteka maji bila kumtaja muuguzi, na nadhani kaka naye hakulala vizuri huko Makambako. Jumapili iliyofuata alifika mapema, akamsalimu mama “Kamwene” haraka haraka, akatuita mezani. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Muuguzi hakufa. Maji yalimsukuma hadi ukingoni, wachuma chai wakamwona, lori la kukusanya majani likamfikisha hospitali. Aliyasema hayo huku akijaza kisahani maharage mapya, mengi kuliko sheria zake zilivyoruhusu.

Mimi nilifurahi. Siku zile zote nilikuwa nikimkumbuka yule mchelewesha viazi, sikuwa nimemwambia mtu.

Mdogo wangu alikitazama kisahani, akakisukuma polepole kwa kaka.

“Huyu tumeshamlilia,” akasema.

“Ni mchezo, mdogo wangu. Refa ni mimi. Nikisema yu hai, yu hai.”

“Na mama mdogo? Yeye naye tulimlilia. Huyu akirudi, nami nitaanza kumngoja mama mdogo.”

Jikoni sauti ya mama akimenya viazi ilisita, kisha ikaendelea.

Tulijaribu kucheza wawili, mimi na kaka, lakini lori lisilosimama popote lilichosha. Baada ya muda kaka akafuata mali Tunduma, akavuka mpaka, na barua zake zikawa za kubahatisha. Mdogo wangu sasa ni fundi cherehani Igwachanya. Nikimtajia muuguzi hutabasamu kidogo, kisha huuliza habari za mashamba.

Sisemi alikosea. Alichosema ndivyo tulivyolelewa: mtu akishaliliwa amekwenda. Lakini naumia, na kadiri ninavyozeeka naumia zaidi. Miaka ile tulizika wengi, na hakuna hata mmoja wao ambaye tuliulizwa kama tunamtaka arudi. Tuliulizwa kwa huyo mmoja tu, kisahani chake kikiwa kimejaa mezani, tukasema hapana.