Pikapu ya Bi Zuhura Isiyochemka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Mkuu wa karakana ya serikali pale Kibaha, mtu mfupi mwenye viganja vipana, alinipeleka nyuma ya lori lililokuwa likinguruma, akaniambia niinamishe kichwa karibu na ekzosi.

"Unanusa nini?"

"Moshi, mkuu."

"Moshi hata mbuzi anaunusa. Nakuuliza, moshi wa nini?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikidhani najua mambo. Akanifundisha palepale. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokoma, maji yanaingia panapotakiwa kuwaka moto. Moshi mweusi unaonuka petroli, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Haiwezi kuichoma yote, inabaki masizi. Ukifungua plagi, vile vidude vya kutoa cheche, utazikuta nyeusi kama tako la sufuria ya kuni. Hayo hayajabadilika. Kijana anayeanza ufundi ayashike kabla hajanunua mashine ya kupimia.

Mchana wa siku hiyohiyo alinifundisha la pili. Alifungua mahali mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini, akachomoa kidude cha shaba kinachoenea kiganjani.

"Hii ni thamostati. Inayazuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Wameiweka kwa ajili ya nchi za barafu. Hapa kwetu jua linatosha. Gari likiingia hapa, itoe."

Akaitupia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nami nikaanza kopo langu.

Nilipohamishiwa Kisarawe, ofisa usafirishaji wa huko aliipenda sana tabia hiyo. Barabara zilikuwa za vilima na mchanga, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni gari kuchemka porini. "Mrisho," alikuwa akiniambia, "likichemkia huko Marui, utakwenda kulisukuma wewe na ukoo wako." Halikuchemka hata moja. Magari yale yalikuwa ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, na kabureta haijali sana maji yana joto gani. Petroli iliyopotea kidogokidogo hakuna aliyeiona. Sifa nikazipokea.

Nilipoacha kazi ya serikali nilifungua gereji Mlandizi, na sifa zile zikanifuata. Ndizo zilizomleta Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni mjane wa Marui, anayenunua mihogo mashambani na kuileta sokoni Mlandizi kwa pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Pikapu yenyewe ilitoka Japani ikiwa imekwisha tumika, nayo haina kabureta. Ina kompyuta ndogo inayoamua injini ipewe petroli kiasi gani. Alikuja kwangu mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa ikichemka. Niliziba rejeta iliyokuwa ikivuja na, kama nilivyofundishwa, nikatoa thamostati.

Baada ya muda akarudi. Moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, na gari linakunywa petroli kama limelaaniwa. Nilisafisha plagi. Nikabadilisha eakilina, lile chujio la hewa, kwa sababu injini isiyopata hewa hutoa moshi uleule. Akarudi. Nikatoa nozeli, zile zinazopuliza petroli, nikazisafisha, hazikuwa zikivuja. Akarudi tena. Nikabadilisha sensa ya kwenye ekzosi, inayoionjea kompyuta moshi. Moshi ukabaki palepale.

Safari hiyo ya mwisho alikuja na shemeji yake, Mzee Kondo, mdogo wa marehemu.

"Fundi, usijisumbue," Mzee Kondo alisema akiwa bado hajashuka. "Mnunuzi wa hii pikapu ninaye. Anakuja Ijumaa."

"Shemeji, gari ni la mume wangu."

"Na mume wako ni kaka yangu. Faida yote inaishia kwenye tangi. Utakula moshi?"

Bi Zuhura alinigeukia mimi, na kwa unyonge ambao sikuuzoea kwake akasema, "Fundi Mrisho, wewe nakuamini. Tangu ulishike halijachemka hata siku moja. Ile sindano ya joto pale mbele ya usukani hata haiinuki, imelala chini tu, na huku napanda vilima na shehena."

Alinisifu, na sifa ile ikanikata maini.

Niliwasha injini nikaiacha ingurume mpaka watu wawili wengine wakaja kuniuliza kuna nini. Nikashika mpira wa juu wa rejeta. Ulikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Injini ilikuwa haijapata joto lake, na kompyuta, ikiambiwa na sensa ya joto kila dakika kwamba gari ndiyo kwanza linawashwa asubuhi, ilikuwa inaiongezea petroli, kama injini ya baridi inavyohitaji. Sensa zote zilikuwa zikisema kweli. Aliyekosea ni mimi.

Ningeweza kusema nimebadilisha sensa nyingine, nikayamaliza. Nilimwambia, "Bi Zuhura, kuna kitu nilikitoa. Hakikutakiwa kutoka."

Alininyooshea kidole. "Kumbe mwizi wa petroli yangu ni wewe! Na huyu shemeji nimemnunia bure, nikidhani anainyonya usiku!"

"Mimi nilisema," Mzee Kondo akadakia.

"Wewe ulisema tuuze. Nyamaza."

Nilifunga thamostati mpya, tukaenda kulijaribu njia ya Ruvu. Sindano ilipoanza kuinuka, Bi Zuhura alinishika mkono ulioshika usukani. "Fundi, simama! Linachemka!"

"Tulia. Itafika katikati, itasimama."

Ikafika katikati, ikasimama. Tuliporudi, Mzee Kondo alikuwa amechuchumaa nyuma ya ekzosi. Aliweka kitambaa chake cheupe mbele ya moshi, akakiangalia, hakina doa, akakikunja akakirudisha mfukoni. Mnunuzi alikuja Ijumaa kama alivyoahidi, akaipenda pikapu, akaambiwa haiuzwi.

Sasa nimestaafu, niko Kibaha. Najua kazi hii, na sioni haya kusema niliifanya vizuri. Lakini kopo langu lilikuwa limejaa. Wateja niliowajua niliwafuata, nikawafungia thamostati mpya bila malipo. Wengine niliwahi kuwaambia gari limechoka, waliuze, nao wakauza. Hao sijui walipo, na kopo bado liko uvunguni. Vijana, mkifundishwa kutoa kitu, ulizeni kwanza kiliwekwa kufanya nini. Mimi niliambiwa jibu siku ya kwanza, nikalisikia, nikalitupa pamoja na kidude chenyewe.

Bi Zuhura bado analeta mihogo. Akiwa na mzigo wa Kibaha hupita mbele ya nyumba yangu, hupunguza mwendo, hutoa kichwa dirishani. Hanisalimii kama watu wengine.

"Fundi! Iko katikati!"

"Alhamdulillahi," namjibu, naye anakanyaga mafuta.