Upelelezi wa Kipande cha Nguru

Msinicheke sana. Shule niliiacha mapema nilee wadogo zangu baada ya wazazi kufariki, lakini vitabu vya upelelezi sikuviacha. Juzi, mchuzi ukichemka, nilikuwa nikimsomea shoga yangu Tatu habari za mauaji katika mji wenye ukungu, na mimi mwenyewe nikapotelea ukunguni humo. Wakati wa kupakua, kipande kikubwa cha nguru hakimo chunguni.

"Wallahi si mimi, dada," mdogo wangu Rehema akalia.

"Mwizi hujitetea kabla hajaulizwa. Leo utalala na njaa!"

"Shoga, hayo yamo kitabuni?" Tatu akauliza.

"Yamo!" Nikafungua pale nilipoishia. Alama niliyojiwekea ilikuwa mwiba wa nguru, ungali umelowa mchuzi.