Uongo Tuliousema Kizimbani

Mume wangu alihukumiwa kunyongwa kwa sababu hakwenda kumzika jirani yetu. Ndivyo ninavyosema mimi, na mwanasheria akinisahihisha namwambia aniache.

Jirani huyo alikutwa shambani kwake kule Singe, amekatwa mapanga. Jioni ya kuamkia siku hiyo alionekana akitoka kilabuni na mume wangu. Panga letu lilikuwa na damu ya mbuzi tuliyemchinja, lakini hakuna aliyejisumbua kuipeleka ikapimwe. Halafu msibani mume wangu hakuonekana. Basi, watu wakamaliza kesi hapohapo.

Hakwenda kwa sababu wiki ile mimba yangu iliharibika. Kwa mila zetu sisi Wairaqw, nyumba ya namna hiyo haichanganyiki na watu, sembuse kwenda msibani, mpaka siku zake ziishe. Lakini mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na mbele ya kanisa tulishasema mila hizo tumeziacha. Tulizifuata kimyakimya.

Mahakamani niliulizwa siku ya mazishi alikuwa wapi. Mchungaji amekaa benchi la mbele, ananitazama. Nikasema alilala na malaria. Jamani! Kumbe mume wangu, mimi nikiwa bado nje, alishasema alikwenda Dareda kutafuta mbegu za maharage. Jaji aliinamisha kichwa akaandika, nami nikajua nimemuua mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Miaka sita nilikwenda gerezani kumwona, na kila safari niliogopa kuambiwa hayupo tena. Nilikonda, chakula hakipiti. Kwenye rufaa nilitaka kusimama niseme ukweli, mwanasheria akanikatalia: pale wanasoma yaliyokwisha kuandikwa tu. Nilitamani kupiga kelele.

Majaji watatu wakasema ushahidi wa mazingira haukukamilika. Damu haikupimwa, na uongo wa mshtakiwa hauwezi kuziba pengo la upande wa mashtaka. Aachiwe. Nililia mpaka askari akanishika mkono.

Siku ya tatu tangu arudi nyumbani, hapa Nakwa, mama wa marehemu alikuja.

"Shikamoo, mama," nikasema. Hakuitikia. Alimgeukia mume wangu, akamuuliza kwa nini hakuja kumzika mwanawe. Safari hii nilisema mimi, yote, mimba na mila na aibu yetu ya kijinga.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema siku ile," akaniambia, "wangeendelea kumtafuta aliyemuua mwanangu."