Sekunde Nane za Benchi la Mashineni

Mdogo wangu alinipigia Jumamosi asubuhi, na kabla sijamuuliza hali alikuwa ameshaanza kulia.

"Kaka, wanasema sina adabu. Eti nilimpita shangazi yake bila kumwamkia."

"Wapi?"

"Mashineni kwa baba mdogo. Jumatatu. Kaka, mimi nampitaje mtu mzima? Nilimsalimia."

Shangazi huyo ni wa kijana aliyemposa. Barua ilikuwa imeshajibiwa, ikabaki wao kuja kwa mazungumzo ya ndoa. Walikuwa waje wiki ileile. Hawakuja, wala hawakutuma mtu. Mama huyo anaishi Masanze, ila Jumatatu alikuwa Kimamba kwa ndugu zake na akapeleka mahindi kusaga. Aliporudi kwao akasema neno moja tu: "Yule binti amenipita kama nguzo ya umeme."

Mimi nilikuwa Mikumi, kwenye nyumba ya wageni kando ya lami, ambako napokea wageni na kutengeneza kompyuta zinapogoma. Shahada yangu haina uhusiano na kazi yoyote kati ya hizo mbili. Nyumbani wananiita Bwana Kwa Nini. Nilijisikia karibu kufurahi, nakiri, kwa sababu mara moja katika maisha yangu palikuwa na ushahidi. Mwaka uliopita, mtu alipofungua mkanda wa mashine ya baba mdogo akaondoka nao, mimi ndiye niliyefunga kamera pale, moja ikitazama mlango na benchi la wateja.

"Acha kulia," nilimwambia. "Kamera haina ukoo. Itasema ukweli."

Tatizo ni kwamba kisanduku kinachotunza picha kina nafasi ya siku saba. Siku ya nane huandika juu ya ile ya kwanza. Kufika Jumatatu, shikamoo ya mdogo wangu ingekuwa imefutwa na watu wengine wanaosaga mahindi.

Nilifungua programu kwenye simu. Haikuunganisha. Nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sema haraka, nina watu."

"Mtandao wa kamera umekata. Zima, halafu uwashe tena."

Muungurumo wa mashine ukafa. Nikasikia kina mama wakilalamika.

"Nimezima."

"Umezima nini?"

"Swichi kubwa."

"Baba mdogo, nilimaanisha kile kidude chenye taa za kijani, karibu na picha ya Kaaba!"

"Si umesema zima? Msomi mzima, huwezi kutaja kitu kwa jina lake?"

Mtandao ulirudi. Nilichagua tarehe, nikachagua asubuhi nzima, nikabonyeza kupakua. Ilifika asilimia thelathini na moja ikasimama. Nikaanza upya, ikafika kumi na mbili. Nikatoka nje, nikapanda ngazi ya mnara wa tanki la maji, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, huku mpishi akiniuliza kama nakagua maji au natafuta mchumba. Sikuweza kukaa wala kusimama vizuri. Nilikuwa na hasira na mtandao, na yule mama, na nchi ambamo ndoa inaweza kufa kwa neno moja ambalo halikutamkwa. Kwa nini mkubwa asianze kusalimia? Nani aliamua?

Mwishowe nikaacha tamaa ya asubuhi nzima. Nikapitia picha ndogondogo za asubuhi ile hadi nilipomwona akiingia, nikakata dakika mbili hizo tu. Zikashuka.

Mama mmoja wa makamo amekaa kwenye benchi, mikono magotini. Mdogo wangu anaingia na ndoo ya mahindi kichwani. Mama anainua uso, anangoja. Midomo ya mdogo wangu inacheza kidogo. Picha haina sauti. Kisha, akiwa mbele ya yule mama kabisa, anacheka. Anacheka hadi anashika ndoo kwa mikono miwili, na anapita.

Nilirudia mara tano. Mara ya sita nikaona waya mweusi ukitoka chini ya mtandio na kuingia mfukoni. Alikuwa anaongea na simu. Saa ya kamera ilionyesha nne na dakika arobaini. Nikafungua orodha ya simu nilizopiga Jumatatu. Saa nne na dakika thelathini na sita: mdogo wangu, dakika tisa.

Alikuwa anaongea na mimi. Nilikuwa namsimulia habari za nyani aliyeingia mapokezi, akachukua mkate wa mgeni, akakaa kwenye kiti changu akiula kana kwamba ameajiriwa.

Na yule mama, niliyemfikiria kuwa mtia chumvi, alikuwa amepunguza. Alichekwa usoni, naye akasema amepitwa tu. Kile kicheko hakumwambia mtu.

"Kaka, umeona?" mdogo wangu aliandika. "Umeona nimesalimia?"

Nilikata kipande cha sekunde nane: anaingia, midomo inacheza, basi. Kwa mtu yeyote ile ilikuwa shikamoo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Nikakifuta kile kipande.

Jumapili nilifika Masanze na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Aliendelea kupepeta mchele. "Nasikia unatuletea sinema."

"Nimekuja kusema hakukuamkia. Alikuwa anaongea na simu, waya ulikuwa ndani ya mtandio. Aliyekuwa anamchekesha ni mimi."

Ungo ulisimama.

"Hakuwa ananicheka mimi?"

"Nyani, shangazi. Nilikuwa namsimulia habari za nyani."

Aliuweka ungo chini. "Mwambie aje mwenyewe," alisema. "Na huo waya auache kwenu."

Mdogo wangu hakunishukuru. "Nimekuomba unitetee, umeenda kunishitaki," alisema, akakata simu. Siku tatu hakupokea. Ya nne akapiga yeye.

"Nimetoka Masanze. Nilipiga magoti tangu mlangoni."

"Halafu?"

"Wanakuja Jumapili. Na shangazi anauliza, yule nyani aliumaliza mkate wote?"