Mwalimu Aliyesikia Maisha Yake Redioni

Mwalimu alikuwa akija maktabani kwetu Singida mjini kwa basi la asubuhi kutoka Kinampanda, ameshika kiwiko cha mdogo wake. Macho yalimpotea akiwa mtu mzima, amekwisha kufundisha shule ya msingi miaka mingi. Hakukubali kukaa bure nyumbani. Alijiandikisha kusoma shahada ya ualimu kwa njia ya masafa, akiwa nyumbani, na kitabu kikuu cha somo mojawapo kilikuwa kwenye rafu zetu.

Aliniomba jambo ambalo mimi, mkutubi, niliona dogo sana. Nimsomee kitabu kile huku simu yake ikirekodi, akasikilize nyumbani.

Mkuu wangu alifungua ukurasa wa mbele, akanionyesha maandishi: haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kunakili wala kurekodi.

"Kumsomea hapa, msomee mpaka sauti ikauke," alisema. "Lakini kurekodi kitabu kizima ni kutengeneza nakala. Tuombe ruhusa kwanza."

Nikamwandikia mchapishaji. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa la kukataa. Waliogopa sauti ile ingesambaa kwenye simu za watu na kitabu kisinunuliwe tena.

Nilimweleza mwalimu nikiwa nimeinamisha kichwa, kana kwamba angeniona.

"Mwenye macho anaazima, anakwenda nacho nyumbani," alisema taratibu. "Mimi nikikibeba nyumbani nimebeba karatasi."

Basi nikawa namsomea, kila alipoweza kuja, kwenye chumba cha nyuma tulikokuwa tukihifadhi magazeti. Mdogo wake alikuwa akituacha, akienda sokoni. Tulipopumzika tulizungumza, na siku moja mwalimu akaniambia alivyoacha kufundisha.

Macho yalipoanza kufifia aliwaficha wote. Alifundisha kwa kukumbuka, kitabu mkononi, akijifanya anasoma. Siku moja darasa likanyamaza, kisha watoto wakaanza kucheka. Kitabu alikuwa amekishika kichwa chini miguu juu. Alitoka, akajifungia stoo ya shule mpaka watoto wote walipokwenda makwao. Nyumbani alisema kwamba ameomba likizo ya ugonjwa. Hakurudi tena shule ile.

"Hata huyu mdogo wangu hajui," aliniambia. "Nimekwambia wewe tu."

Muda si mrefu baadaye nikatumwa Dodoma, kwenye kikao cha wakutubi, waandishi, wachapishaji na maofisa wa serikali. Sisi wakutubi tulitaka sheria ituruhusu kuwatengenezea wasioona nakala wanazoweza kuzitumia, bila kumpigia magoti kila mchapishaji. Mchapishaji mmoja, mzee mpole, alisimama kutupinga. Alisema mwandishi naye ana watoto, na kitabu kikisharushwa kwenye simu hakirudi. Hayakuwa maneno ya kipuuzi.

Zamu yangu ilipofika nilisoma hotuba tuliyoiandaa. Watu wakaanza kuchezea simu zao. Nikaona tunashindwa. Nikaiweka hotuba mezani, nikasimulia habari za mwalimu wa kike wa Kinampanda. Nilisimulia kitabu kilichogeuzwa, kicheko cha watoto, na stoo. Jina sikulitaja, na nikajiona muungwana kwa hilo.

Simu zikawekwa mezani. Mama mmoja alijifuta machozi. Nilipigiwa makofi, na sitaficha kwamba niliyafurahia. Yule mzee mchapishaji, ambaye ndiye aliyekuwa ametukatalia, alinifuata mlangoni akanipa mkono.

"Kirekodini kitabu," alisema. "Ya sheria tutaendelea kubishana."

Nje mwandishi wa redio akaniwekea kinasa sauti mdomoni. Nikasimulia tena, safari hii kwa madoido.

Niliporudi Singida nilimpigia mwalimu, nimejaa furaha. "Shikamoo mwalimu. Ruhusa tumepata!"

"Marahaba," alijibu. "Nimesikia redioni. Kinampanda nzima imesikia."

Simu ikakatika. Nilijidanganya kuwa ni mtandao.

Alikuja wiki ile ile. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza ya kuazimia vitabu, wasomaji wengine wakiwa wanatusikia.

"Ulipotaka kurekodi kitabu cha yule mzee, ulimwandikia?"

"Nilimwandikia, mwalimu."

"Alipokataa?"

"Nilitii."

"Mimi ulikuwa nami chumba kimoja, mdomo wako na sikio langu. Uliniomba?"

Nilianza kusema kwamba jina sikulitaja.

"Walimu wa kike wasioona Kinampanda tuko wangapi?"

Mdogo wake alikuwa akimtazama dada yake, si mimi. Akamwuliza kitu kwa Kinyiramba, lugha ya kwao. Mimi ni Mnyaturu, lakini lugha zetu zinakaribiana, nilielewa: kumbe ni kweli, ndiyo maana uliacha ile shule? Mwalimu alipapasa hewani akitafuta kiwiko, na kwa muda mfupi hakukipata, kwa sababu mdogo wake alikuwa akijifuta machozi kwa mkono ule.

"Kitabu nakihitaji, kirekodini," mwalimu aliwaambia wenzangu mwishowe. "Lakini asisome huyu."

Mwenzangu wa dawati la magazeti ndiye aliyesoma. Kazi ile ilifungua mlango: siku hizi wapo wasioona wengine, wa Issuna na hata Kintinku, wanaokuja kusikiliza. Wageni wakitutembelea, mkuu wangu huwaambia yote yalianza na hotuba yangu. Mimi hutafuta kazi ya kufanya kwenye rafu za mbali. Kuhusu sheria bado tunakwenda vikaoni. Nikitumwa nasoma hotuba kama ilivyoandikwa, hata watu wakisinzia.

Mwalimu alifaulu. Nilijua siku alipopiga simu ya maktaba, nami ndiye niliyekuwa karibu nikapokea. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia tulipokuwa tukisoma pamoja.

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

Akanitambua. Furaha ile ikapungua, ikawa adabu.

"Marahaba. Hebu niitie mwenzako."

Nikamwita, nikampa simu, nikatoka nje ili nisisikie wanachoongea.